Kulinganisha Kompyuta za Michezo Zenye Kadi Mbili za Grafiki: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Swali ambalo fundi wa kompyuta za michezo huulizwa mara kwa mara ni kama inafaa kuongeza kadi ya pili ya grafiki ya Nvidia, kama GTX 1080 Ti, RTX 2080 Ti au RTX 3090 iliyokwisha kutumika, au ni afadhali kuiuza iliyopo na kununua kadi moja yenye nguvu zaidi. Wengi hulijibu kwa kutazama wastani wa fremu (picha moja moja zinazochorwa) kwa sekunde peke yake, na hapo ndipo ulinganisho unapoharibika, kwa sababu kadi mbili zinaweza kutoa wastani mkubwa huku picha ikikwamakwama machoni pa mchezaji. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata kabla ya kumshauri mtu atoe fedha zake.

Hatua ya 1: Elewa jinsi kadi mbili zinavyogawana kazi

Kampuni ya 3dfx ndiyo iliyoleta jina SLI, mfumo wa kuzifanyisha kazi pamoja kadi mbili, mwaka 1998 pamoja na kadi za Voodoo2, ambapo kadi moja ilichora mistari witiri ya picha na nyingine mistari shufwa. Nvidia, iliyonunua mali za 3dfx, ililirudisha jina hilo mwaka 2004 kwa mfumo tofauti, na mshindani wake ATI ikajibu kwa mfumo wake, CrossFire, mwaka 2005. Katika mfumo uliotawala baadaye, kadi hupeana zamu kwa fremu nzima: kadi ya kwanza huchora fremu ya 1, ya 3 na ya 5, na kadi ya pili huchora ya 2, ya 4 na ya 6.

Mpangilio huo una matokeo mawili ambayo matangazo ya mauzo huyaficha. La kwanza ni kwamba kumbukumbu za kadi hazijumlishwi, kwa kuwa kila kadi hulazimika kubeba nakala yake ya data za mchezo. Kadi mbili za GTX 1080 Ti zenye GB 11 kila moja huupa mchezo GB 11, si 22. La pili ni kwamba fremu moja moja haichorwi haraka zaidi. Kadi mbili zinazotoa fremu 60 kwa sekunde kwa kupeana zamu bado huchukua takriban milisekunde 33 kila moja kuikamilisha fremu yake, hivyo mkono wa mchezaji huhisi ucheleweshaji unaokaribia ule wa fremu 30, ingawa namba iliyo pembeni mwa skrini inasema 60.

Hatua ya 2: Orodhesha michezo unayoicheza kweli

Andika majina ya michezo unayoicheza kila wiki, kisha utafute kama kila mmoja unaunga mkono kadi mbili. Hatua hii huwaokoa watu fedha nyingi kuliko nyingine zote, kwa sababu hapa uamuzi mara nyingi huwa tayari umefanyika. Michezo ya zamani inayotumia DirectX 11 (DirectX na Vulkan ni mifumo ambayo michezo huitumia kuiamuru kadi ya grafiki), kama The Witcher 3 katika toleo lake la awali, hutegemea wasifu wa SLI, yaani maelekezo ya kugawa kazi ya mchezo husika, ulioandikwa ndani ya draiva (programu inayoiendesha kadi). Michezo ya DirectX 12 na Vulkan inamtaka mtengenezaji wa mchezo mwenyewe aandike msimbo wa kugawa kazi, na waliokubali kufanya hivyo ni wachache: Shadow of the Tomb Raider, Strange Brigade, Sniper Elite 4, Ashes of the Singularity na Red Dead Redemption 2 ni miongoni mwao.

Mwaka 2020 Nvidia ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2021 haitaongeza wasifu mpya wa SLI kwa kadi za RTX 20 na zilizozitangulia, na kwamba RTX 3090 itafanya kazi kwa jozi katika michezo iliyoandikiwa uwezo huo tu. RTX 4090 ya mwaka 2022 haina hata sehemu ya kuchomeka daraja, kiunganishi kinachopitisha data kati ya kadi mbili. Kuna sababu ya kiufundi pia. Mbinu nyingi za sasa za kulainisha kingo za picha huchukua taarifa kutoka fremu iliyotangulia, na fremu hiyo ikiwa iko ndani ya kadi nyingine, ni lazima isafirishwe kwanza, jambo linalokula faida iliyotarajiwa.

Hatua ya 3: Kagua ubao mama na daraja

SLI huhitaji kila kadi ipate angalau njia 8 za PCIe (njia za data za sloti za kadi) kutoka kwenye prosesa. Prosesa ya kawaida kama Core i7-8700K ina njia 16, ambazo ubao mama mzuri huzigawa 8 kwa 8. Core i9-7900X ina 44 na huzilisha kadi zote mbili njia 16 bila taabu. Sloti ya pili inayopata njia 4 kupitia chipseti ya ubao mama, si prosesa, haitakubaliwa, hata kama umbo lake ni refu kama la kwanza, kwa hiyo soma kijitabu cha ubao mama badala ya kuamini macho.

Daraja nalo ni lazima lilingane na kadi na nafasi. GTX 1080 Ti hutumia daraja la SLI HB, ilhali RTX 2080 Ti na RTX 3090 hutumia NVLink, na daraja la moja halitoshei kwenye nyingine. Kwa 3090 pima umbali kati ya sloti kabla ya kununua chochote, kwani daraja la Nvidia kwa kadi hiyo ni la nafasi nne na bao nyingi hazina mpangilio huo.

Hatua ya 4: Kadiria umeme na joto

GTX 1080 Ti imekadiriwa wati 250, RTX 3090 wati 350, na RTX 4090 wati 450. Jozi ya 3090 basi hufika wati 700 kabla hujahesabu prosesa, na kadi hizo hupanda ghafla juu ya kiwango chao kwa muda mfupi sana, kiasi cha kuizima pawa saplai isiyo na akiba. Mimi huweka wati 1000 kwa jozi ya 1080 Ti au 2080 Ti, na si chini ya 1300 kwa jozi ya 3090. UPS ndogo ya ofisini ya VA 650 haiwezi kuubeba mzigo huo, na ekstensheni nyembamba za bei rahisi zisitumike kabisa.

Kuhusu joto, angalia aina ya feni. GTX 1080 Ti ya Nvidia yenyewe ina feni moja inayosukuma hewa moto nje kupitia nyuma ya kasha, na kwa sababu hiyo hustahimili kupangwa kwa jozi. RTX 2080 Ti ya Nvidia ina feni mbili zinazoimwaga hewa moto ndani ya kasha, na kadi ya juu huishia kuvuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na ya chini.

Hatua ya 5: Andaa majaribio

Zima V-Sync (mpangilio unaofunga fremu kwenye kasi ya monita) na kikomo chochote cha fremu, weka mchezo katika ubora wa 4K ili prosesa isiwe kizuizi, kisha acha mchezo uendelee kwa dakika 20 kadi zipate joto lake la kawaida. Tumia CapFrameX, programu ya bure inayorekodi muda wa kila fremu. Rudia kipande kilekile cha mchezo mara tatu na uchukue matokeo ya katikati.

Kipimo cha kadi moja kifanyike mara mbili: kwanza kadi ya pili ikiwa imo ndani na SLI imezimwa, kisha ikiwa imetolewa kabisa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili hukuonyesha kiasi gani kadi ya juu inapoteza kwa sababu ya joto na kwa kushuka kutoka njia 16 hadi 8, na bila kuijua tofauti hiyo utaisifu kadi ya pili kupita kiasi au kuilaumu bure.

Hatua ya 6: Soma muda wa fremu kabla ya wastani

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Chukua mfano wa jozi inayotoa fremu moja baada ya milisekunde 8 na inayofuata baada ya milisekunde 25, kwa mfululizo. Wastani wake ni milisekunde 16.5, yaani takriban fremu 60 kwa sekunde, lakini jicho hushikwa na zile za milisekunde 25, na mchezo huonekana kama unaoendeshwa kwa fremu 40. Kwenye grafu ya CapFrameX hali hiyo hujitokeza kama meno ya msumeno. Kadi moja yenye afya hutoa mstari ulio karibu kunyooka.

Tatizo hilo lilidhihirika mwaka 2013, Nvidia ilipotoa vifaa vya FCAT, ambavyo hutia ukanda wa rangi pembeni mwa kila fremu na kurekodi picha yenyewe inayoelekea kwenye monita. Ilionekana kwamba baadhi ya fremu za CrossFire zilikuwa vipande vyembamba vya mistari michache, visivyomfaa mchezaji kwa lolote, ila vilihesabiwa kama fremu kamili. AMD, iliyokuwa imeinunua ATI, ilirekebisha upangaji wa fremu kupitia draiva ya Catalyst 13.8 mwezi Agosti mwaka huo. Kumbuka kwamba CapFrameX husoma upande wa mchezo na si upande wa monita, kwa hiyo baada ya kutazama grafu, izungushe kamera polepole mbele ya ukuta wenye mistari wima na uangalie kwa macho yako.

Linganisha pia kiwango cha asilimia 1 ya chini, yaani fremu kwa sekunde katika asilimia 1 ya fremu zilizo polepole zaidi. Jozi ikiongeza wastani kwa asilimia 70 huku kiwango hicho kikipanda kwa asilimia 10 tu, kwangu mimi imeshindwa.

Hatua ya 7: Weka bei kando ya matokeo

Bei za kutolewa Marekani zinaeleza mengi: GTX 1080 Ti dola 699, RTX 3090 dola 1,499, RTX 4090 dola 1,599. Jozi ya 3090 pamoja na daraja la dola 79 ilifika dola 3,077, na 4090 moja kwa kawaida huizidi 3090 moja kwa zaidi ya asilimia 50 katika 4K, kwa kila mchezo, bila wasifu wala daraja. Katika Strange Brigade jozi hiyo bado inaweza kuongoza. Katika michezo mingi mipya kadi ya pili hukaa kimya ikila umeme. Hesabu kwa bei za mtumba za mahali ulipo, ukijumlisha daraja, pawa saplai na ubao mama mpya ikiwa vitahitajika, kisha ugawanye jumla hiyo kwa idadi ya michezo ya orodha yako ambayo kiwango chake cha asilimia 1 ya chini kilipanda. Kama unachora pia kwa Blender, programu ya picha za 3D, ihesabu kazi hiyo peke yake, kwa kuwa huko kadi mbili husaidiana vizuri, na kwa NVLink zinaweza hata kuchangia kumbukumbu.