SOMO: Kuingiza IPv6 ofisini kwa kufuata nyaraka za vikundi kazi

Wakala mmoja wa forodha hapa Tanga, ofisi yake haiko mbali na lango la bandari, alinipigia simu saa nne asubuhi. "Fundi, barua pepe inakwenda. Nikibandika hati, haiendi."

Jana yake jioni nilikuwa nimemwashia IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti unaofuata ule wa zamani wa IPv4, na nikaondoka nimeridhika, maana kila ukurasa tuliojaribu ulifunguka. Nikarudi, nikaketi kwenye kompyuta yake, nikatuma barua ya maneno mawili: ikaenda. Nikaambatisha hati ya mzigo iliyoskaniwa. Mstari wa kijani ukasogea kidogo, ukaganda hapo hapo. Nje mteja wake anasubiri, meli imeshafunga gati.

Kosa lilikuwa langu. Na dawa yake ilikuwa imeandikwa tangu 2007, kwenye waraka ambao yeyote anausoma bure. Ndiyo maana naliandika somo hili: wengi wetu tunajifunza IPv6 kwa kugonga ukuta, wakati wapo watu waliogonga ukuta huohuo kabla yetu, wakakaa kitako, wakaandika.

Hatua ya 1: Wajue wanaoandika

IETF ndiyo inayotunga viwango vya intaneti tangu 1986. Ndani yake kuna vikundi kazi vingi, ila kwa habari yetu shika viwili. 6man hutunza itifaki ya IPv6 yenyewe. v6ops hukusanya yanayowakuta wanaoendesha mitandao: kipi kimekatika, kwa nini, na wamekirekebisha vipi. Matokeo hutoka kama nyaraka zenye namba, RFC. Kiwango cha IPv6 kinachotumika sasa ni RFC 8200 ya Julai 2017. Cha kwanza kabisa kilitoka Desemba 1995.

RIPE, jumuiya ya waendesha mitandao, nao wana kikundi kazi cha IPv6. Eneo lao ni Ulaya, Mashariki ya Kati na Asia ya Kati, lakini nyaraka zao hazikatazi mtu wa Makorora kuzisoma. Kwa Afrika, mgawaji wa anwani ni AFRINIC, yenye makao Mauritius, na sera zake hujadiliwa na kikundi kazi kilicho wazi kwa kila mtu. Juni 2011 mkutano wao ulifanyika Dar es Salaam, mwezi uleule ambao tovuti kubwa duniani ziliwasha IPv6 kwa siku moja ya majaribio, tarehe 8.

Hakuna hata kimoja kati ya vikundi hivi chenye askari. Hawawezi kumlazimisha mtoa huduma wala muuza rauta. IETF hata kura hawapigi. Wenyeviti hupima mwafaka, na kwa desturi ya mkutanoni watu huombwa wavumishe sauti midomo ikiwa imefumba, ili mwenyekiti asikie upande upi una uzito. Na hata huo mvumo haumalizi mambo. RFC 7282 inaeleza kwamba pingamizi la kiufundi lazima lijibiwe kwa hoja. Halizimwi kwa wingi wa watu. Mimi jambo hili nalipenda sana. Fundi mmoja wa Tanga mwenye ushahidi anaweza kusimamisha rasimu ya kampuni kubwa mpaka ajibiwe.

Na kwa nini tuhame? IPv4 ina biti 32, yaani anwani zipatazo bilioni 4.3, na akiba kuu iligawiwa mafungu yake ya mwisho tarehe 3 Februari 2011. AFRINIC iliingia awamu ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020. Wenyeji wa Ngamiani watanielewa: barabara zetu zina namba, nyumba nazo zina namba. Sasa fikiria nyumba yenye wapangaji ishirini, barua zote zinakuja kwa namba moja ya mlangoni, na mtu wa mlangoni analazimika kukumbuka nani aliandika wapi. Hiyo ni NAT: vifaa vingi kutumia anwani moja. Siku hizi watoa huduma wengi wameiweka barabara nzima nyuma ya mlango mmoja. Kamera yako ikikataa kuonekana ukiwa safarini, mara nyingi chanzo ni hicho.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kununua

Usimwandikie muuzaji "kifaa kiwe na IPv6." Atajibu ndiyo, na hatakuwa amesema uongo. Chukua waraka RIPE-772 wa 2021, uliorithi RIPE-554 wa 2012. Umepangwa kwa aina ya kifaa: kompyuta, swichi, rauta, faiwoli (kichujio cha kinachoingia na kutoka) na vinginevyo, na chini ya kila aina kuna orodha ya lazima na orodha ya hiari. Nakili orodha ya lazima ya kifaa unachotaka, ibandike kwenye ombi la bei. Kwa rauta ndogo za nyumbani na ofisini, ongeza sharti la RFC 7084.

Hatua ya 3: Omba fungu la kutosha

Mtoa huduma wetu mmoja, jina naliacha, alitupa /64 moja tu (namba baada ya mkwaju ikiwa ndogo, fungu la anwani ni kubwa zaidi). Hiyo inatosha mtandao mmoja wa ndani, basi. Ukitaka kutenga wageni na ofisi, huna pa kwenda. Nilipolalamika kwa simu niliambiwa ndivyo mfumo ulivyo.

Safari ya pili sikulalamika. Niliandika barua fupi: waraka RIPE-690 wa Oktoba 2017 unashauri mteja wa biashara apewe /48, na wa nyumbani asipungukiwe /56, fungu liwe la kudumu, lisibadilike kila rauta inapozimika. Nikaambatisha waraka wenyewe. Wiki mbili baadaye tukapewa /56, ambayo ni mitandao 256. /48 ingekuwa 65,536. Haikuwa tuliyoomba, lakini ofisi ikapata nafasi ya kupumua. Mhandisi wa upande wa pili alikuwa anahitaji kitu cha kumwonyesha bosi wake, na waraka ndio uliompa.

Hatua ya 4: Gawa vyumba

Mfano, ukipewa 2001:db8:77:1000::/56 (hizi za 2001:db8 zimetengwa kwa mafunzo tu, usiziweke kazini):

2001:db8:77:1010::/64 ofisi
2001:db8:77:1020::/64 wageni
2001:db8:77:1030::/64 kamera

Kila mtandao wa ndani /64, usikate ndogo zaidi kwa kubana matumizi. Uchoyo tuliojifunza kwenye IPv4 tuuache mlangoni.

Hatua ya 5: Faiwoli

Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo someni taratibu.

Zamani wengi tulifundishwa kuzima ICMP yote, yaani ujumbe ambao vifaa vya mtandao hupashana habari za makosa, kwenye faiwoli, eti ni usalama. Kwenye IPv4 mara nyingi unaponea. Kwenye IPv6 huponei. Sababu ni hii: kwenye IPv4, rauta ya katikati ikikuta pakiti, yaani fungu la data, kubwa kuliko njia, inaweza kuikata vipande. Kwenye IPv6 rauta haikati. Inaitupa, kisha inamrudishia mtumaji ujumbe wa ICMPv6 aina ya 2: pakiti yako ni kubwa mno, ukubwa unaopita hapa ni kiasi hiki. Mtumaji anapunguza, anatuma upya.

Laini ya yule wakala inapita kwa PPPoE, njia ya kumuunganisha mteja na mtoa huduma, na PPPoE inakula baiti 8. Kompyuta yake ilituma pakiti za baiti 1500, njia inapitisha 1492. Rauta ikatupa pakiti na kutuma ujumbe. Faiwoli yangu, iliyokaa kati ya rauta na kompyuta, ikaumeza ule ujumbe. Kompyuta haikuambiwa chochote, ikaendelea kutuma pakiti zilezile. Barua fupi haifiki hata nusu ya ukubwa huo, ndiyo maana ilipita.

Kuna kinga iitwayo Happy Eyeballs, RFC 8305, inayofanya kompyuta ijaribu IPv6 na IPv4 karibu kwa pamoja na kushika inayojibu mapema. Nilidhani ingeniokoa. Haikuweza, kwa sababu salamu za kuanzisha muunganisho ni pakiti ndogo: IPv6 ilijibu vizuri, ikachaguliwa, ndipo mzigo mzito ukaja.

Waraka wa kufuata ni RFC 4890 wa Mei 2007. Zinazopita faiwoli bila kuzuiwa ni aina ya 1, 2, 3 na 4, pamoja na 128 na 129 za ping. Na kwenye mtandao wa ndani usiguse 133 hadi 136. Hizo ndizo ambazo vifaa huzitumia kutafutana na kuitafuta rauta.

Kupima, kwenye Linux:

ping -6 -M do -s 1452 (jina la seva)

1452, ukijumlisha 8 za ICMPv6 na 40 za kichwa cha IPv6, ni 1500. Ukijibiwa, au ukiambiwa ukubwa unaopita, njia iko sawa. Ukipata kimya huku -s 1200 inajibiwa, kuna mahali ujumbe unamezwa. Anza kutafuta kwako mwenyewe kabla ya kumpigia mtoa huduma.

Nilipofungua aina ya 2, ile hati ikaondoka kabla sijainua mkono kwenye kipanya.

Hatua ya 6: Washa pole pole

Iache IPv4 ikifanya kazi pembeni. Anza na mtandao wa wageni, kaa nao wiki moja, ndipo ofisi. Rekodi ya AAAA kwenye DNS ya seva zako, ile inayotangaza anwani ya IPv6 ya jina la seva, iwe ya mwisho kabisa, baada ya kujaribu kuifikia seva ukiwa nje, kwa mfano kwa bando la simu ya mtandao wenye IPv6. Ukiitangaza mapema unawaelekeza wageni kwenye mlango uliofungwa.

Hatua ya 7: Rudisha ulichokiona

Orodha ya barua ya v6ops iko wazi, haina ada. Kilichokukwamisha kiandike: kifaa gani, toleo gani la programu yake, pakiti zilionyesha nini. RFC 4890 isingeandikwa kama waliokwama wangekaa kimya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Bagamoyo: Shikamoo mwalimu. Bila NAT, kompyuta zangu si zitakuwa wazi kwa kila mpita njia?

Marahaba. Hapana, almradi faiwoli ipo. Kinachokulinda hata leo ni ile tabia ya rauta kukataa kitu kisichoombwa kutoka ndani, na hiyo inafanyika bila kubadilisha anwani. RFC 4864 ya 2007 inalieleza jambo hili kipengele kwa kipengele, na RFC 6092 inaonyesha rauta ndogo ijilinde vipi. Lakini ukague kweli. Zipo rauta ambazo faiwoli yake ya IPv4 imewashwa na ya IPv6 imelala. Mwombe mtu aliye nje ajaribu kuifikia kompyuta yako.

Mwanachama, Muheza: Kaka, kompyuta za maabara ya shule zote zimepata anwani ya IPv6, ila simu za Android za walimu hazipati. Nimeweka DHCPv6.

Hapo ndipo penye tatizo. Simu za Android hazichukui anwani moja moja kutoka DHCPv6, yaani seva inayogawa anwani. Washa SLAAC: kwenye matangazo ya rauta, ruhusu vifaa vijitengenezee anwani kutoka kwenye /64. Kikundi cha v6ops kilijadili suala hili, ikatoka RFC 7934 ya 2016, inayoshauri kila kifaa kiachwe kiwe na anwani nyingi. Huenda ukahisi unapoteza udhibiti wa nani ana anwani ipi. Nami nilihisi hivyo. Rauta hutunza orodha ya vifaa vilivyo jirani nayo, anwani ipi ni ya kifaa kipi. Hiyo itakusaidia kujua.

Mwanachama, Pangani: Mtoa huduma wetu anasema hana IPv6 kabisa. Nifanye nini, nikae?

Usikae, dada. Hatua ya 2 haimhitaji yeye: kila unachonunua mwaka huu kiwe tayari. Mkataba ukifika wa kuhuishwa, andika sharti la IPv6 na utaje RIPE-690. Ipo mifereji ya bure ya kupitisha IPv6 ndani ya IPv4 ukitaka kujifunza, lakini mingi inadai uwe na anwani ya IPv4 ya umma. Kama yako inaanza na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya mlango wa mtaa, mifereji hiyo haitakubali.

Mwanachama, Chumbageni: Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Huko v6ops nani atanisikiliza?

Pakiti ulizozinasa zinasomeka kwa lugha zote. Andika hapa kwa Kiswahili: tarehe, kifaa, toleo, ulichofanya, ulichokiona. Tutaiweka sawa pamoja, kisha iende kwa jina lako, si langu.

Mwanachama, Muheza: Nimewasha SLAAC. Simu kumi na moja zimekubali, moja bado. Ni ya zamani kidogo.

Vizuri sana. Nitumie aina yake na toleo la Android, na uniambie kama waifai yake inaona matangazo ya rauta au la. Nikifunga kazi jioni nitaijaribu kwangu.