Kuandaa Elektroliti Inayodumisha Betri za Metali ya Lithiamu

Metali ya lithiamu hubeba miliampea-saa 3,860 kwa kila gramu, ilhali grafiti, inayotumika katika betri nyingi za pikipiki za umeme hapa Nairobi, huishia 372. Tatizo ni kwamba metali hii humenyuka na karibu kila kimiminika. Utando unaojengeka juu yake hupasuka betri inapochajiwa, lithiamu zaidi huliwa kuuziba ufa huo, na miiba inayochomoza hukatika ikawa chembe zisizofikiwa tena na umeme.

Kwa hiyo shughulikia utando kwanza, kwa kuchagua vyema elektroliti, yaani kimiminika chenye chumvi kinachopitisha ioni ndani ya betri. Chumvi ya LiPF6 katika viyeyushi vya kabonati, mchanganyiko unaoifaa grafiti, huiharibu metali hii haraka. Anza na chumvi nyingine ya lithiamu, LiFSI, katika kiyeyushi cha daimethoksiethani. Mmumunyo ukiwa hafifu, ioni za lithiamu huzingirwa na molekuli za kiyeyushi, nazo ndizo zinazovunjika. Chumvi ikifikia takriban moli 4 kwa lita, kiyeyushi huru hupungua sana, na ioni hasi za chumvi hiyo (FSI) ndizo zinazotangulia kuvunjika, zikijenga utando imara wenye floridi ya lithiamu.

Unyevu ni adui mkubwa, hasa wakati wa masika. Kausha chumvi chini ya ombwe kwa nyuzi 100 hivi, hifadhi kiyeyushi juu ya punje zilizokaushwa za zeoliti, madini yanayofyonza maji, na ufanyie kazi yote ndani ya kisanduku cha glavu chenye gesi ya arigoni. Nitrojeni haifai, kwani lithiamu humenyuka nayo. Kwa mililita 10 pima gramu 7.48 za LiFSI, uitie kidogo kidogo katika sehemu ya kiyeyushi kwa kuwa mchanganyiko hupata joto, kisha ujaze hadi alama ukishapoa. Kiyeyushi hiki huwaka kwa urahisi na hupotea upesi zaidi katika mwinuko wa Nairobi, hivyo funika chupa daima. Moto wa lithiamu usizimwe kwa maji wala kaboni dioksidi. Weka karibu unga mkavu wa kuzimia moto wa metali.

Mmumunyo huo una mnato mkubwa na ni ghali. Uzimue kwa etha yenye florini nyingi isiyoyeyusha chumvi: mnato utapungua, lakini lithiamu itabaki imezungukwa na majirani walewale.

Kisha pima ni sehemu gani ya lithiamu inayorejea katika kila mzunguko wa kuchaji na kutoa chaji, na hapa ndipo ninaposisitiza uaminifu. Katika seli ya lithiamu na shaba, baada ya mzunguko mmoja wa kuiandaa shaba, tandaza juu yake lithiamu ya miliampea-saa 5, ondoa na urudishe 1 mara 10, halafu ondoa yote hadi volti 1. Zikirejea 4.85 mwishoni, umepata 14.85 kati ya 15, yaani wastani wa asilimia 99 kwa kila mzunguko. Kiwango hicho hakitoshi: katika seli isiyo na akiba ya lithiamu, mizunguko 100 itakuachia takriban asilimia 37 ya chaji, ilhali asilimia 99.9 ingekuachia 90. Unganisha mashine ya kupimia na betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya jaribio hesabu yote huvurugika.

Mwisho, rudia jaribio kwa elektroliti chache, takriban gramu 3 kwa kila ampea-saa, na lithiamu nyembamba. Seli iliyofurika kimiminika huficha udhaifu ambao betri halisi itauonyesha mapema.