Somo: Kumfuatilia mdudu-kibibi mwenye madoa saba tangu yai hadi utu uzima

Watunza bustani wengi humtambua mdudu-kibibi aliyekomaa, yule mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, na kumwacha ale vidukari, yaani wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, lakini humponda mtoto wake kwa kumdhania mharibifu, kwa kuwa wawili hao hawafanani hata kidogo. Somo hili linakusudia kuzuia hasara hiyo. Spishi tunayoifuatilia ni Coccinella septempunctata, iliyopewa jina hilo na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758. Andaa kioo cha kukuzia, daftari, na mmea wenye vidukari ambao haujapigwa dawa.

Hatua ya 1: Tafuta vidukari kwanza. Geuza majani machanga na ukague ncha za matawi, kwa maana jike hupenda kutaga mahali ambapo watoto wake watapata chakula mara tu wanapoanguliwa. Funga uzi kwenye tawi ulilolichagua ili urudi hapo hapo kila siku.

Hatua ya 2: Tambua mayai. Yana rangi ya manjano inayokaribia chungwa, urefu wa takriban milimita 1, nayo husimama wima yakiwa yamebanana katika kishada. Mbawakawa wanaokula majani nao hutaga mayai yanayofanana na haya, kwa hiyo kuwepo kwa vidukari jirani ni dalili muhimu, ingawa uhakika utaupata yakishaanguliwa. Penye joto la kutosha huanguliwa baada ya siku chache, na watoto wa kwanza kutoka hula maganda yao, kisha mara nyingi hula hata mayai ya ndugu zao yaliyochelewa. Usiwatenganishe, kwa sababu mlo huo humpa buu, yaani mtoto aliyeanguliwa, nguvu ya kutembea hadi ampate kidukari wake wa kwanza.

Hatua ya 3: Mfuatilie buu. Hapa ndipo ninapokuomba utulie zaidi. Buu ana mwili mrefu wa kijivu cheusi, miguu sita inayoonekana wazi, na mabaka ya rangi ya chungwa ubavuni, na kwa umbo hilo humtisha mtu asiyemfahamu. Hujivua ngozi mara tatu akiwa bado buu, hivyo hupitia hatua nne za ukuaji, na hula mamia ya vidukari kabla ya kukomaa. Tazama mwendo wake: asipopata kitu hutembea haraka na karibu moja kwa moja, lakini akishamla kidukari mmoja hupunguza mwendo na kuzungukazunguka papo hapo, jambo lenye manufaa makubwa kwake kwa kuwa vidukari huishi kwa makundi. Muda wa hatua hii hutegemea joto na wingi wa chakula, kwa hiyo andika tarehe za kila badiliko.

Hatua ya 4: Muache pupa alipo. Buu aliyekomaa hujibandika kwenye jani kwa ncha ya mkia, hujikunja, kisha hujivua ngozi kwa mara ya nne na kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia ambamo mwili wa buu hugeuka kuwa wa mdudu mzima. Pupa akiguswa huweza kujiinua ghafla, kwa hiyo usidhani amekufa.

Hatua ya 5: Mpokee mdudu mpya. Hutoka akiwa laini, wa manjano na asiye na madoa. Madoa hujitokeza katika saa zinazofuata: matatu kwenye kila bawa gumu, na la saba katikati, pale mabawa mawili yanapokutana nyuma ya kichwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, idadi ya madoa huonyesha umri wa mdudu?
Jibu: Hapana, ndugu. Madoa ni alama ya spishi, na hayaongezeki mdudu anapozeeka.

Swali: Nimemshika mmoja akatoa maji ya manjano yenye harufu kali. Je, ameumia?
Jibu: Hajaumia. Hiyo ni damu yake, ambayo huitoa kwa makusudi kwenye viungo vya miguu. Ina alkaloidi, yaani kemikali chungu za kujikinga, na ndege anayeionja hujifunza kuogopa rangi ile nyekundu.

Swali: Kwangu vidukari ni wengi lakini mabuu hawakai. Sababu ni nini?
Jibu: Chunguza kama kuna sisimizi. Wao hunywa majimaji matamu yanayotolewa na vidukari, na ili kuyalinda huwafukuza mabuu au huwaua. Zuia njia yao ya kupanda shinani kabla ya kufikiria dawa. Dawa nyingi za wadudu huwaua vidukari na walaji wao kwa pamoja, na vidukari ndio wanaotangulia kurudi, kwa kuwa majike yao huzaa watoto hai bila kupandwa na dume.

Swali: Nimemkuta mdudu-kibibi amesimama juu ya kifuko chenye nyuzi, hatembei ila anatetemeka. Je, anaatamia?
Jibu: La, huyo ameshambuliwa na nyigu mdogo aitwaye Dinocampus coccinellae. Jike wa nyigu hutaga yai moja ndani ya mdudu-kibibi, buu wake hukulia humo, kisha hutoka na kusokota kifuko kati ya miguu ya mwenyeji, ambaye hubaki hai juu yake na kuwatisha maadui kwa kutikisika. Usimng'oe, kwa kuwa baadhi ya wadudu-vibibi huweza kupona nyigu akishatoka.