Somo: Taa ya mbele haiwaki au inafifia? Pima kwanza, balbu baadaye

Wakuu, somo hili linahusu gari zenye balbu ya halojeni aina ya H4, ile yenye pini tatu, wati 60 kwa fulu (mwanga wa mbali) na 55 kwa dimu (mwanga wa karibu). Taa za zenoni tuziache leo. Kule volti za kuwashia ni maelfu mengi, na zinaweza kuua.

Mwaka jana nilibadili balbu ya kulia mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na bado taa ikawaka njano kama kibatari. Balbu zote mbili zilikuwa nzima. Ningekuwa nimepima siku ya kwanza, nisingepoteza hela wala kuendesha usiku nikikisia ukingo wa barabara.

Andaa mita ya kupimia volti, testa (kitaa kidogo kinachoonyesha kama umeme upo), kipande cha msasa na mtu wa kukuwashia taa.

1. Soma dalili. Dimu ya upande mmoja imekufa lakini fulu inawaka? Balbu ya H4 ina nyuzi mbili ndani, basi huenda mmoja umekatika. Taa zote mbili zimezima kwa pamoja? Ni nadra balbu mbili kufa saa moja; fikiria rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), swichi au fyuzi. Taa moja inafifia? Nenda moja kwa moja hatua ya 4.

2. Pima betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima yenye chaji inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikipita 15, altaneta (jenereta ya gari inayochaji betri) inachaji kupita kiasi na hiyo ndiyo inayoua balbu zako.

3. Fyuzi na rilei. Fyuzi usiiamini kwa macho. Washa taa, gusa kwa testa vile vidoa viwili vya chuma vilivyo juu yake. Moto, yaani umeme wa chanya, uwepo pande zote mbili. Gari nyingi zina fyuzi ya kushoto na ya kulia. Ikiungua tena baada ya kubadili, kuna shoti: itafute, usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya. Rilei ibadilishane na nyingine yenye namba ileile.

4. Pima taa ikiwa inawaka. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunachomoa soketi, tunapima, mita inasoma 12, tunasema "moto unafika". Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja tu bado utaonyesha 12. Balbu ya wati 55 inavuta karibu ampia 4.6, na uzi mmoja hauwezi kubeba mzigo huo.

Rudisha soketi kwenye balbu, washa taa, kisha penyeza ncha moja ya mita kwa nyuma ya soketi, nyingine iguse betri. Pima kutoka chanya ya betri hadi pini inayoleta moto, halafu kutoka hasi ya betri hadi pini ya ethi (ile inayorudisha umeme kwenye hasi). Kila upande usome chini ya volti 0.5. Zaidi ya hapo, volti zinapotea njiani. Na volti zikipungua kwa sehemu moja ya kumi, mwanga hupungua karibu theluthi.

Kwangu upande wa ethi ulisoma 2.9. Nilifuata waya hadi bolti iliyo nyuma ya betri, nikakuta unga wa kijani umejaa chini ya kishikizo. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu. Ikasoma 0.1, na barabara ikaonekana.

MASWALI

Swali: Fundi, nina Hilux ya zamani. Pini ambayo ingekuwa ethi inasoma volti 12. Waya zimechezewa?
Jibu: Hapana kaka. Toyota nyingi za zamani chanya inakaa kwenye pini ya pamoja, na swichi inakatia upande wa hasi. Geuza tu vipimo vyako. Na ukifunga taa za ziada za spoti, mwambie fundi mapema, asiunge rilei kwa mazoea.

Swali: Nikifunga balbu za wati 100 si mwanga utaongezeka?
Jibu: Zitavuta zaidi ya ampia 8 kwenye waya uliopangiwa nusu yake. Soketi itayeyuka, na dereva anayekuja mbele utampofusha.

Swali: Balbu yangu ya kushoto inaungua kila baada ya wiki chache, ya kulia haina shida. Ni altaneta?
Jibu: Ingekuwa altaneta, dada, zingeungua zote. Angalia kama maji yanaingia ndani ya taa, kama balbu inacheza kwenye kiti chake, na kama anayefunga anashika kioo kwa vidole. Mafuta ya mkono yanafanya kioo kipate joto sehemu moja na kupasuka.

Swali: Nikiwasha dimu, indiketa ya upande huo inawaka kidogo. Bolti nimeshaisafisha.
Jibu: Ethi bado mbovu mkuu, umeme unapita kwenye indiketa kutafuta njia ya kurudi. Vuta waya wa muda kutoka pini ya ethi hadi hasi ya betri. Indiketa ikizima, waya wa zamani umeoza ndani ya plastiki yake; weka mpya, upime tena, kisha utuandikie mita imesoma ngapi.