Kerneli ikikata kauli kabla skrini haijawaka

Umejenga kerneli ya Linux (kiini cha mfumo wa uendeshaji), umeitia kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, umewasha: skrini nyeusi tii. Mimi nilipoteza Jumamosi mbili hivyo chumbani kwangu Sinza, nikijenga upya kwa kubahatisha. Kumbe kerneli ilikuwa inasema, ila haikuwa na mdomo. Draiva ya skrini, yaani programu inayoiendesha, huchelewa kuamka. Earlycon, yaani konsoli ya mapema ambako kerneli huandika ujumbe wake, haingoji draiva: inaandika herufi moja kwa moja kwenye rejista za UART, sakiti ya mawasiliano ya seriali.

1. Nenda Kariakoo, ulizia adapta ya USB kwenda TTL, ya kuunganisha UART ya Pi na laptopu. Hakikisha ni ya volti 3.3, maana pini za Pi hazivumilii volti 5. Unganisha nyaya tatu tu: GND (ardhi) kwenye pini 6, pini 8 ya Pi iende RX (kupokea) ya adapta, pini 10 iende TX (kutuma). Ndiyo, zinapishana. Waya mwekundu uache ukining'inia.

2. Kwenye laptopu, fungua picocom, programu ya kusoma seriali:

`picocom -b 115200 -g logi.txt /dev/ttyUSB0`

Usiruke hilo faili la logi. Umeme ukikatika, Pi inazimika lakini ushahidi unabaki.

3. Kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, weka `enable_uart=1` na `uart_2ndstage=1`. Ya pili inaifanya programu ya kuwashia ya Pi iongee kabla ya kerneli kupakiwa. Kukiwa kimya hata hapo, usiisingizie kerneli, kagua nyaya. Ukiona herufi za ovyo, angalia kasi (115200), kisha GND.

4. Fungua cmdline.txt, faili la maagizo ya kerneli, ongeza mwishoni mwa mstari uleule (usibonyeze Enter, vyote viwe mstari mmoja):

`earlycon=uart8250,mmio32,0xfe215040 ignore_loglevel keep_bootcon`

Anwani hiyo ya UART (0xfe215040) ni ya Pi 4. Kwa Pi 3 andika 0x3f215040.

Hiyo `keep_bootcon` ndiyo iliyonitoa jasho. Mwanzoni sikuiweka. Mistari ilimiminika vizuri, halafu ikaja `bootconsole [uart8250] disabled`, kisha kimya. Nikaamini kerneli imefia hapo, nikachimba msimbo wa kumbukumbu usiku kucha bure. Haikuwa imekufa. Kwenye cmdline.txt ya kawaida `console=tty1` (konsoli ya skrini) huja mwisho, kwa hiyo ndiyo konsoli kuu; ikishajiandikisha tu, ile ya mapema inafungwa. Na wakati huo tty1 haina skrini yoyote nyuma yake! Ukiweka `keep_bootcon` mdomo haufungwi. Konsoli ya kudumu ya seriali ikiamka utaona kila mstari mara mbili; vumilia.

5. Bado inakwama bila kulalamika? Ongeza `initcall_debug`. Kila draiva iliyojengwa ndani ya kerneli itatangazwa kwa `calling`, na ikimaliza utaona `returned` pamoja na muda iliotumia. Shuka hadi chini ya logi.txt, tafuta `calling` isiyo na mwenzake.

Yangu ilikuwa `tangi_init`, draiva niliyoiandika mwenyewe ya kupima maji. Ilikuwa inazunguka kwenye kitanzi ikisubiri kihisio kijibu. Kihisio kilikuwa juu ya paa, ndani ya simtanki, nilikokisahau wiki iliyotangulia.