Duka la vitabu la familia msimu wa mvua: tunavyofanya sisi Mtwara

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na shule zinafunguliwa Januari, katikati yake. Kwa hiyo mwezi tunaouza sana ndio mwezi ambao karatasi iko hatarini zaidi. Mimi na mke wangu tuna duka dogo Chikongola, watoto wanatusaidia wakitoka shule. Utaratibu wetu ni huu.

Hatua ya 1: Mzigo uingie kabla ya Novemba

Ugumu ni fedha. Oktoba mfuko mkavu, maana wateja wetu wengi wanategemea korosho, na malipo ya mnada yanakuwa bado hayajawafikia. Sisi tunachukua mali kauli Kariakoo: tunalipa nusu, nusu tunamalizia Januari. Usichelewe kumalizia hata siku moja, kwa sababu mwakani hilo ndilo litakalokupa mzigo.

Kabla ya kuagiza, pita shuleni uwaulize walimu wanatumia kitabu kipi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 na unaingia darasa baada ya darasa; kitabu cha kiada cha zamani kitakulalia rafuni.

Na usidhani mvua ikikaribia kwisha mambo yametulia. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga, kule Kilwa. Mzigo wetu ulikaa njiani na hatukuwa na la kufanya. Tangu hapo daftari na kalamu tunaweka akiba ya wiki tatu, na tunafuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila jioni.

Hatua ya 2: Paa, sakafu, ukuta

Panda juu Oktoba ukague misumari ya bati mmoja mmoja. Boksi lolote lisikae sakafuni. Weka chaga za mbao. Rafu iachane na ukuta upana wa kiganja ili hewa ipite. Turubai liwe karibu, limekunjwa, na kila mtu nyumbani ajue lilipo.

Hatua ya 3: Kitabu kikilowa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwaka mmoja maji yalipita chini ya mlango usiku, yakakuta maboksi tuliyoyaacha chini kwa uchovu. Asubuhi nilivitoa vyote nikavianika juani kama makopa. Jioni majalada yalikuwa yamejikunja na kurasa zina mawimbi. Nilipoteza vitabu ambavyo vingepona.

Jua hapana. Una kama saa 48 kabla ukungu haujaanza, kwa hiyo fanya hivi:

Wahi kwanza atlasi na vitabu vya picha, vyenye karatasi ya kung'aa. Kurasa hizo zikikauka zimegusana zinashikana kabisa, wala hakuna dawa. Zitenganishe zingali mbichi, taratibu, kuanzia pembeni.

Vingine visimamishe wima, kurasa zimeachana kama kipepeo, kivulini, feni ikipuliza hewa ya chumba na si kitabu chenyewe. Weka karatasi nyeupe isiyo na maandishi kila baada ya kurasa 20 hivi, uibadilishe ikilowa. Kikikaribia kukauka, kilaze chini ya kitu kizito usiku kucha ili kinyooke.

Vikiwa vingi kuliko mikono yenu, vifunge kwenye nailoni na kuviweka kwenye friza. Baridi inazuia ukungu, mnavitoa vichache vichache na kuvikausha kwa zamu. Sisi tulikopa nafasi kwa jirani anayeuza samaki. Funga mara mbili, maana harufu ile haitoki.

Kilichopona kiweke kando, punguza bei, na mwonyeshe mzazi pale kilipolowa kabla hajatoa hela. Chenye ukungu usimuuzie mtoto wa mtu.

Hatua ya 4: Unyevu wa kila siku

Fungua madirisha mvua ikikatika, funga ikianza. Kila Jumamosi tunashusha vitabu vya rafu ya chini na kuvinusa. Pua inawahi kuliko macho.

Hatua ya 5: Mteja asiyeweza kufika

Barabara za vijijini zikiharibika, mzazi anapiga simu, analipa kwa simu, bodaboda anapeleka. Mfuko mbadala tunaotumia tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 2019 unapitisha maji. Funga kitabu kwa magazeti mapana mawili, kisha kwenye kiroba safi, mdomo ukunjwe mara mbili na kufungwa kwa kamba. Jina la mwanafunzi, darasa na simu ya mzazi viandike kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, ukitie ndani pamoja na kitabu. Maandishi ya wino juu ya kiroba yakilowa yanachuja, na dereva atafika kijijini hajui mzigo ni wa nani.