Draiva inajengeka kwenye x86-64, inagoma kwenye ARM ya biti 32

Umeandika draiva ya Linux (programu inayoendesha kifaa) kwenye laptopu ya x86-64, ikajengeka bila neno. Ukaigeuzia bodi ya ARM ya biti 32, kila faili likapita kwenye kompaila, halafu pale mwishoni kabisa:

`ERROR: modpost: "__aeabi_uldivmod" [drivers/misc/kipimo.ko] undefined!`

Kwenye x86 ya biti 32 jina huwa `__udivdi3`. Ugonjwa ni ule ule: mahali fulani umegawanya namba ya biti 64. Prosesa ya biti 32 haina amri ya kufanya hivyo, kwa hiyo kompaila ya GCC huita msaada ulioko libgcc, maktaba yake ya fanksheni za ziada. Programu za kawaida huunganishwa na libgcc. Kerneli (kiini cha Linux) ya ARM haiunganishwi nayo, na ni kwa makusudi. Mgawanyo huo ni mzito, na wakuu wa kerneli wanataka uuone unapoufanya.

Hatua ya 1. Rudia kosa kwenye laptopu. Bodi iache kabatini.

`make ARCH=arm CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf- multi_v7_defconfig`

Washa draiva yako kama moduli (ile ya faili la `.ko`), kisha rudia amri bila neno la mwisho. Kile kistari baada ya `gnueabihf` usikiache. Kilinila jioni nzima.

Hatua ya 2. Tafuta mstari wenyewe. Fungua `arm-linux-gnueabihf-objdump -dr kipimo.o | less`, inayoonyesha amri za mashine zilizomo kwenye faili, utafute `ldivmod`. Panda juu kidogo utaona jina la fanksheni.

Hatua ya 3. Ongeza `#include <linux/math64.h>`, halafu mgawanyo wako, tuseme `jumla / idadi`, uwe `div_u64(jumla, idadi)`. Kigawanyo kikiwa nacho cha biti 64, tumia `div64_u64()`. Kwa namba zenye hasi, `div_s64()`.

Utakutana pia na `do_div()` kwenye kodi za zamani. Hiyo ina ujanja wake: inabadilisha `jumla` yenyewe, na inachorudisha ni baki, si jibu. Mimi siitumii kwenye kodi mpya.

Maswali

*Mkuu, nikiongeza libgcc kwenye Makefile si nimemaliza?*
Kwako nyumbani itajengeka. Ukituma pachi (mabadiliko yako ya kodi) kwa wakuu wa kerneli, itarudi.

*Mimi nagawa u64 (namba ya biti 64 isiyo na hasi) kwa 1024 na sijaona kosa lolote. Mbona?*
1024 ni kipeo cha 2, kompaila inasogeza biti tu. Weka 1000 uone.

*Na alama ya `%`?*
Hiyo nayo ni mgawanyo. Tumia `div_u64_rem()`.

*Nimeigeuza namba kuwa `unsigned long` kabla ya kugawa, kosa limeondoka. Asante!*
Rudisha haraka, ndugu. Kwenye ARM hiyo `unsigned long` ni biti 32. Kama unahesabu nanosekunde, inajaa na kuanza sifuri kila baada ya sekunde 4.29, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia.